Kilomita Elfu Kumi na Tatu na Zamu ya Mama Kamau

Tangu turudi, kila ninayekutana naye, iwe kiwandani tukipeleka kahawa au nje ya kanisa, ananiuliza swali lile lile: ati ni kweli ndege iliendelea kuruka baada ya orodha kuisha? Ni kweli. Na kwa kuwa kila anayeisimulia ameongeza chumvi yake, nimeona niandike mwenyewe, hatua kwa hatua. Mambo ya viza na tiketi nitayaruka. Hayo yalichosha mara moja, hayana haja ya kuchosha mara ya pili.

Kwa asiyetujua: mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Niliyesafiri naye ni dada yangu mkubwa, Muthoni, mwenye miaka sabini na miwili, shamba la chai hapa Wamagana, Nyeri, na ng'ombe wawili wanaomsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Binti yake Nyambura anaishi Los Angeles, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka huu alijifungua mtoto wa kike wa pili. Kwetu mtoto wa kike wa pili huitwa jina la mama ya mama yake, kwa hivyo huko ng'ambo kulikuwa na Muthoni mdogo wa miezi mitatu ambaye Muthoni mkubwa hakuwa amemgusa.

Shida ni kwamba dada anaogopa ndege. Safari ya kwanza alishuka kwenye gari pale Sagana, akarudi nyumbani na samaki wawili. Ya pili alifika mpaka mlango wa uwanja wa ndege, tumbo likamuuma, likapona Thika akirudi nyumbani. Safari hii alisema mwenyewe: "Nikirudi tena, mtoto atakua akiitwa jina la mtu wa kwenye simu."

Wamagana: uzi na orodha

Alikubali kwenda kwa sharti moja. Chama chetu cha akina mama kina desturi: mtu akiwa kwenye upasuaji au safari kubwa, tunagawana saa za kumwombea. Kila mmoja hushika saa yake, na ikiisha humpigia simu anayefuata, amwambie, "Nimekukabidhi." Huwezi kuweka mzigo chini mpaka mwenzako auchukue. Dada alisema atapanda ndege ikiwa hakuna dakika moja angani ambayo hakuna mtu aliyemshika.

"Hiyo ni hesabu tu," nikamwambia. Ningejua, ningefunga mdomo.

Nilichukua tufe langu la zamani la darasani na uzi wa kushonea. Nikaonyesha akina mama jinsi ya kuvuta uzi kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, na kwa nini uzi unapita kaskazini karibu na ncha ya dunia badala ya kukata baharini kama kwenye ramani ya ukutani. Kisha nikahakikisha kwenye mtandao, mahali unapoandika viwanja viwili unapewa umbali na muda wa kuruka. Nairobi hadi Dubai, kama kilomita elfu tatu na mia tano, saa nne na nusu. Dubai hadi Los Angeles, kama kilomita elfu kumi na tatu na mia nne, saa kumi na tano.

Ile nne na nusu nikaifanya tano. Ile kumi na tano ilikuwa imekamilika vizuri, nikaiacha. Kumbukeni hapo.

Zamu zikajaa haraka. Aliyechelewa alikuwa Mama Kamau, jirani ya dada, kwa sababu siku hiyo alikuwa soko la Chaka. Alipofika ilibaki saa moja tu, ya mwisho kabisa, saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu usiku.

"Hiyo nitachukua," akasema.

Dada akanivuta pembeni. "Si huyo."

"Kwa nini?"

"Mfuniko yangu ya sufuria kubwa iko kwake miaka tatu. Alirudisha sufuria, mfuniko akakaa nayo."

"Umewahi kumwuliza?"

"Kwani hajui ni yangu?"

Hakukuwa na mwingine wa saa ile. Nikaandika jina.

Nyeri mjini: mizani ya misumari

Asubuhi ya safari tulipitia duka la vifaa vya ujenzi la Ramesh, ambaye baba yake alimwuzia baba yetu mabati ya kwanza. Ana mizani kubwa ya kupimia misumari, na ndiyo iliyopima mizigo yetu. Sanduku la dada lilizidi.

"Mama, kilo nane ya njahi ya nini?" Ramesh akauliza. "Amerika hakuna maharagwe?"

"Maharagwe iko. Njahi ndiyo hakuna. Na huyo msichana amezaa."

Ramesh anaongea Gikuyu kutuzidi wengine. Alielewa kwamba kwetu mzazi hupikiwa njahi, maharagwe meusi, akaacha kubishana, akatoa jozi mbili za viatu vyangu nilizokuwa nimepenyeza sandukuni humo badala yake. Kisha akaona karatasi mkononi mwa dada, akaisoma. Saa ya kwanza ya safari ndefu, saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, aliyekuwa ameishika alikuwa ameugua jana yake.

"Niweke hapo," akasema. "Kabla ya kufungua duka mimi huomba kila siku."

Dada alimtazama kwa makini. "Na huyo Mungu wako anajua mambo ya ndege?"

"Mama, mimi nimepanda ndege mara nyingi kuliko mchungaji wenu. Amezoea."

Akaandikwa.

Sagana, bila samaki

Mpwa wetu aliyekuwa akiendesha alipunguza mwendo Sagana bila kuambiwa, kwa heshima ya historia. Wauza samaki wakaja dirishani. Dada alitazama mbele kama askari wa gwaride.

"Mama, leo ni wakubwa," mmoja akamwambia.

"Hata mara ile walikuwa wakubwa," akajibu, akapandisha kioo.

Nilijua basi kwamba tutafika uwanjani. Tulifika, na mapema mno, tukala nduma, yaani majimbi, alizochemsha asubuhi tukiwa tumekalia masanduku.

Nairobi hadi Dubai

Safari hii ya kwanza sina mengi ya kusema, na huo ndio uzuri wake. Ndege ilipoacha ardhi dada alifumba macho, akafumbua moja, akasoma orodha, akasema, "Mama Wairimu," kama mtu anayegusa ukuta gizani. Kila saa ilipoisha alikata jina kwa kalamu. Saa yake ya mkononi alikataa kuibadilisha. "Watu wangu wako kwa saa hii," akasema.

Magurudumu yaligusa Dubai dakika kumi kabla ya jina la tano kwisha. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyepata zote. Nilimweleza hata abiria wa nyuma yetu jinsi nilivyopiga hesabu.

Tulisinzia kwenye viti vya uwanja hadi asubuhi. Chai ya hapo ilikuja maji ya moto kando, karatasi ya majani kando, maziwa kando. Dada aliviangalia vitatu. "Sasa mpishi ni mimi?"

Dubai: saa moja ardhini

Tuliingia ndani ya ndege ya pili kwa wakati, tukafunga mikanda, tukakaa. Tukaendelea kukaa. Rubani akatangaza kwamba kuna abiria aliyepeleka mizigo na hakutokea mwenyewe, kwa hivyo lazima mizigo yake itafutwe na kutolewa. Ilichukua saa moja na dakika kumi.

Saa mbili na nusu kwa saa ya Wamagana, dada akakata jina la Ramesh kwa kuridhika.

"Huyu Ramesh anaomba vizuri sana," akasema. "Hata haijatikisika."

"Dada, haijaondoka."

Aligeuka akatazama dirishani. Gari la mizigo lilikuwa palepale. Akaangalia karatasi, akaniangalia. "Kwa hivyo yake imeenda bure?"

"Haijaenda bure. Imelinda masanduku." Nilicheka. Hakucheka. Mimi mwenyewe nilianza kupiga hesabu upya kichwani.

Juu ya barafu

Hapa niwaeleze jambo, kwa sababu wengi mmeniuliza mtandao ulikosea wapi. Haukukosea. Uliulizwa swali la mwewe. Mwewe akitoka Wamagana kwenda Nyeri mjini huenda moja kwa moja. Sisi tunateremka bondeni, tunavuka daraja, tunapanda kigongo, tunangoja ng'ombe wapite. Ndege nayo hupanda polepole na kushuka polepole, hukutana na upepo wa mbele, huzunguka anga isiyoruhusiwa, hungoja foleni ya kutua. Uzi wangu haukuwa na upepo wala foleni. Nilifundisha watoto wa watu miaka thelathini tofauti ya umbali wa ramani na umbali wa njia, kisha nikaisahau siku niliyoihitaji.

Lakini sikuwa nimemwambia. Mbele yetu kulikuwa na saa nyingi, na kwa muda mrefu safari ilikuwa nzuri mno kuiharibu. Jua halikutua. Tulikuwa tukilifuata, au lenyewe likitusindikiza, na chini kulikuwa na barafu nyeupe isiyo na mwisho. Dada, ambaye barafu yote aliyowahi kuiona ni ile kofia ya Mlima Kenya asubuhi kukiwa hakuna mawingu, alitazama kwa muda mrefu.

"Hii yote ni mlima?"

"Ni bahari iliyoganda."

"Na hakuna mtu ameweka ua," akasema.

Upande wa pili wa dada alikaa mzee mmoja mpole wa Kihindi aliyekuwa akienda kwa mwanawe. Alikuwa akimwona dada kila saa akitazama saa, akinong'ona, akikata kitu kwenye karatasi. Baada ya saa ya sita alimwita mhudumu, msichana mrefu mwenye skafu nyekundu, wakasemezana. Msichana akaja na gilasi ya maji, akapiga magoti karibu nasi, akaniuliza kwa Kiingereza cha upole mama anatumia dawa gani zinazohitajika kila saa, na kama zimebaki za kutosha.

Nilimweleza. Nilitumia mikono sana. Alipoelewa alishika kifua.

"Na sasa ni nani?" akauliza.

"Mama Njeri," dada akajibu, bila kungoja tafsiri.

Kuanzia hapo, kila alipopita na trei msichana yule aliinama: nani sasa? Dada alimtajia. Alimwachia mkate wa ziada. Dada naye alimpa nduma ya mwisho, na mzee akapata nusu. Chakula cha ndege alikionja chote kwa zamu, akatoa hukumu kwamba wali ulikuwa mzuri na ile saladi ilikuwa chakula cha sungura kilichosahauliwa.

Saa mbili zisizo na jina

Saa nne na nusu usiku kwa saa ya mkononi mwake, mchana mweupe dirishani, dada alikata jina la Mama Kamau. Karatasi ilikuwa imekwisha. Akainua macho kwenye kioo cha mbele yake kinachoonyesha ndege ndogo juu ya ramani, na chini yake muda uliobaki. Kilisema saa mbili na dakika kumi.

"Mwalimu," akasema. Dada huniita Mwalimu akiwa amenikasirikia. "Nani anaingia?"

Nakiri kwamba niliwazia kubuni jina. Kuna wanawake wengi Wamagana. Lakini uso wake ulikuwa karibu sana na wangu.

"Hakuna mtu, dada. Nilikosea hesabu."

Nilianza kumweleza upepo wa mbele. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi sikuuliza upepo."

Akavua miwani. Mikono yake ikashika viti pande zote mbili, hata ule mkono wa kiti cha mzee. Wakati huo huo ndege ikaanza kutikisika kidogo, kama gari linapoacha lami.

"Uliniambia hakuna dakika nitakuwa pekee yangu."

"Nilikuambia."

"Sasa nitarudi nyumbani aje? Mimi sipandi hii kitu tena. Nitabaki huko kwa Nyambura, nizeeke kwa nyumba ya wenyewe. Hao ng'ombe mtakamua nyinyi."

Hakuwa anatania. Niliona mwaka baada ya mwaka: shamba lake la chai likiwa msitu, na yeye dirishani Los Angeles, kwa sababu mimi sikufanya kumi na tano kuwa kumi na nane.

Msichana wa skafu nyekundu akapita. "Nani sasa?" akauliza, akitabasamu. Nikamwambia hakuna, orodha imeisha kabla ya safari. Tabasamu likaondoka. Akafikiri kidogo.

"Wa mwisho alikuwa nani?"

Nikatafsiri. "Mama Kamau," dada akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja mfuniko wake. Nikaona paji la uso likikunjamana polepole.

"Alimkabidhi nani?" akaniuliza.

"Hakuna wa kumkabidhi. Ni yeye wa mwisho."

"Kwa hivyo hakuna mtu amemwitisha."

"Hakuna."

Ndege ikatikisika, akaiacha itikisike.

"Basi bado ako nayo," akasema. "Huyo mwanamke tangu nimjue hajawahi kuachilia kitu kama hujamwitisha."

Akavaa miwani, akaomba kalamu, na chini ya majina yote akaandika kwa herufi kubwa: Mama Kamau. Saa iliyofuata akaandika tena: Mama Kamau.

Nilijua kwamba Mama Kamau huamka saa kumi alfajiri kukamua, na kwamba saa tatu usiku taa yake huwa imezimwa. Nilijua pia kwamba mara tu tutakapotua dada atataka kumpigia simu, na kwamba kama simu ile itaita bila kupokewa, nimempoteza.

Los Angeles

Tulizunguka juu ya jiji dakika ishirini tukingoja nafasi. Tulipogusa ardhi msichana wa skafu nyekundu alikuwa amejifunga mkanda kwenye kiti chake cha mbele, na alimwinulia dada kidole gumba.

Kwenye foleni ya pasipoti simu yangu ikapata mtandao wa uwanja.

"Mpigie," dada akasema.

"Tungoje tumwone Nyambura kwanza. Nyumbani ni saa saba ya usiku."

"Mwalimu. Mpigie."

Nikapiga, nikiwa nimeangalia sakafu. Iliita mara moja.

"Mko wapi nyinyi?" Ilikuwa sauti ya Mama Kamau, macho kabisa, na yenye hasira. "Saa nne na nusu nimepiga simu nikabidhi, napigia nani? Nimepigia Mama Njeri, amelala. Nimepigia Mama Wairimu, simu imezimwa. Mliniacha na hii ndege pekee yangu. Sasa nitaiweka wapi?"

Dada akanipokonya simu, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama Kamau. Ni Muthoni. Iweke chini sasa. Imefika."

"Imefika salama?"

"Salama."

"Magoti yangu yameisha, Muthoni."

"Najua. Enda ulale."

Aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni alikuwa ameshasogea, lakini dada hakusogea. "Na ile mfuniko," akasema.

Upande wa pili nikasikia pumzi ikivutwa. "Iko hapa. Nimefunika nayo mtungi wa maji. Nilikuwa nangoja uiulize, nikasema labda umenipatia."

"Iache hapo hapo ifunike maji," dada akasema, akanirudishia simu.

Afisa wa forodha alizitazama zile kilo nane za njahi, akauliza ni za nini. Nilimwambia ni chakula cha aliyejifungua. Alitazama dada, akatazama njahi, akatupungia mkono tupite. Nje Nyambura alikuwa amesimama na Muthoni mdogo mgongoni. Dada hakusalimia mtu yeyote. Alizunguka nyuma ya binti yake, akasimama hapo akitazamana na jina lake.

Kurudi

Tulikaa miezi miwili. Ilipofika siku ya kurudi nilitoa karatasi na kalamu, nikaanza kueleza kwamba ukielekea mashariki upepo mara nyingi hukusukuma, kwa hivyo saa zitapungua, lakini safari hii nitaongeza tatu. Dada alichukua kalamu. Aliandika orodha mwenyewe. Ramesh alimweka mwanzo, kwa sababu alisema ndege ikiwa bado imesimama inahitaji mtu aliyezoea. Mwisho aliandika Mama Kamau, na pale pa saa hakuandika saa. Aliandika: hadi tutue.

Asubuhi baada ya kufika Wamagana, kabla hata ya kwenda kuwaona ng'ombe, alichukua ile sufuria yake kubwa, akavuka ua, akaiweka mezani kwa Mama Kamau karibu na mtungi.

"Mfuniko wako haina sufuria," akasema.

Mama Kamau akaitazama. "Na hii nitarudisha lini?"

"Nikikuja kuitisha," dada akasema, akavuta kiti akakaa kungoja chai.